Kidari, kunde na kichwa cha samaki: shajara ya mlo wa Rosh Hashanah

Jumapili, 8 Septemba 2024

Zimebaki siku 24. Asubuhi binti wa Bi Mkubwa amekuja na daftari jipya la jalada gumu, akaliweka mezani mbele yangu. Anataka nipike mlo wa Rosh Hashanah, mwaka mpya wa Kiyahudi, na kila ninachokipika nikiandike kwa vipimo, kwa sababu mamake hajawahi kuandika pishi lake hata moja.

Bi Mkubwa ana miaka 86. Alizaliwa Meknès, Moroko, akahamia hapa Montreal katika miaka ya 1960, wakati Wayahudi wengi wa Moroko walipokuwa wakiondoka kwenda Israeli, Ufaransa na huku Quebec. Wazazi wa marehemu mumewe walitoka Galicia, upande wa Poland. Ndiyo maana meza yake ya sikukuu ina vyakula vya aina mbili visivyofanana hata harufu, na yeye hakubali kuacha hata kimoja. Vya kwao anavipika kwa kuwa ndivyo alivyolelewa navyo, vya mumewe kwa kuwa alimuahidi.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa nne kumhudumia. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mkata vitunguu na muosha vyombo. Msimu wa baridi uliopita alianguka, na tangu hapo mkono wake wa kulia hauinui sufuria yenye maji. Mwaka huu sufuria ni zangu.

Wageni ni 14. Tutakula jioni ya Jumatano, 2 Oktoba, jua likizama na mwaka wao wa 5785 ukiingia.

Ukurasa wa kwanza nimeandika masharti ya jiko, ili yeyote atakayelirithi daftari asije akaharibu. Kabati la kushoto ni la nyama, la kulia ni la maziwa: sufuria, visu, sponji, hata vitambaa vya kukaushia. Mlo huu ni wa nyama, basi siagi na maziwa havikanyagi, hata kwenye keki. Na mimi si Myahudi, kwa hiyo kuna suala la moto. Kwa desturi ya upande wa mumewe, yatosha Myahudi awashe jiko. Kwa desturi ya kwao, Myahudi mwenyewe lazima aweke chakula motoni au ashiriki kukipika. Bi Mkubwa hufanya yote mawili: anawasha, kisha mimi nabeba uzito wa sufuria naye anashika mpini tuiteremshe pamoja juu ya moto, halafu anakoroga.

Alhamisi, 12 Septemba

Tumeanza na boga. Nilimuuliza mdalasini kiasi gani, akanionyesha kiganja. Sukari je? Kiganja tena, ila kimekunjwa zaidi.

Nimepata njia. Nimeweka mizani ndogo mezani, bakuli juu yake, nikamwambia, "Mama, wewe mimina kama kawaida yako, usiniangalie." Anamimina, nasoma namba, naandika. Kiganja cha sukari kilichofunguka ni gramu 38. Kilichokunjwa ni 22. Nimempimisha mara tano, na mara zote tano tofauti haikuzidi gramu 3. Mkono unatetemeka lakini kipimo chake hakijayumba.

Boga la kilo moja na nusu, vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa duara na kukaangwa mpaka viwe rangi ya asali, zabibu kavu gramu 80, mdalasini gramu 4, zafarani chembe chache zilizolowekwa kwenye maji moto. Tunapika polepole, bila maji ya ziada, boga litoe maji yake lenyewe.

Humo ndimo tulimopata lugha yetu. Kifaransa changu ni cha kazini na chake kina lafudhi ya Meknès, lakini alipokuwa akitaja viungo kwa Kiarabu cha kwao nilimwelewa bila mkalimani. Asali ni asali, sukari ni sukari, zafarani ni zafarani. Alinishika mkono akasema nimekuwa nikimficha siku zote kwamba mimi ni mtu wa nyumbani kwake.

Tumegongana mahali pamoja. Nilikwenda friji kuchukua ndimu, akanizuia. Usiku wa mwaka mpya, kwa desturi ya familia yake, hakuna kikali, kichungu wala kichachu mezani: si ndimu, si siki, si pilipili. Mwaka unaanza na utamu. Nimeelewa sababu, ila nimelala nikiwaza samaki. Kwetu samaki asiyepita kwenye ndimu hajaoshwa.

Jumapili, 15 Septemba

Wiki ya Maulidi. Nyumbani wamenitumia sauti za dufu kwenye simu na nimezisikiliza huku nikichambua kunde. Leo kazi ya jiko ilikuwa ndogo, kazi ya kuandika ikawa kubwa, kwa sababu Bi Mkubwa amenieleza kile ambacho kwa miaka mitatu nimekiona mezani bila kukijua.

Kabla ya chakula chenyewe huja sahani ndogo ndogo, wenyewe huziita simanim, yaani ishara. Katika Talmud, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, imo kauli ya Abaye, mwanachuoni wa Babeli wa karne ya 4: mwanzo wa mwaka mtu azoee kuviona vitu vitano, navyo ni kara, rubia, karti, silka na tende. Vimechaguliwa kwa majina yao. Kila jina limefungwa pamoja na neno la dua linalofanana nalo kwa sauti, na dua yenyewe huanza, "Na iwe radhi yako."

Tende kwa Kiebrania ni tamar, na dua yake ina neno yitamu, wakome: maadui wakome. Karti ni liki, yule jamaa wa kitunguu mwenye majani mapana, na sauti yake iko karibu na karat, kukata: wanaotutakia mabaya wakatwe. Silka inavutwa kwenye kuondoka, waondoke. Silka ndiyo mboga ambayo sisi Kenya tunaiita spinachi sokoni. Kara ni mung'unye au boga, nalo linabeba maana mbili kwa pamoja, kwa sababu neno moja la Kiebrania lina sauti ya kurarua na jingine lina sauti ya kusoma: hukumu mbaya iraruliwe, mema yetu yasomwe mbele yako. Rubia ni kunde, na sauti yake ni ya kuwa nyingi: mema yetu yaongezeke.

Halafu kuna visivyohitaji sauti, umbo linajisemea. Komamanga: mema yetu yawe mengi kama mbegu zake. Tofaa lililochovywa katika asali: mwaka mwema na mtamu. Na kichwa cha samaki: tuwe kichwa, tusiwe mkia, maneno yaliyotoka Kumbukumbu la Torati sura ya 28.

Upande wa mumewe nao wana lao. Karoti kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ni mern, na mern pia ni kuongezeka. Ndiyo maana tsimmes, karoti za asali, hukatwa duara kama sarafu.

Mimi nimekulia penye kanga na mafumbo, ambako mtu anaweza kumjibu jirani kwa maandishi ya nguo bila kufungua kinywa. Nilihisi nimefika mahali ninapopajua. Nikamwambia Bi Mkubwa kwamba hata kwetu tende ina neno ndani yake: tende, tutende. Tutende mema. Alinitaka niliseme tena polepole. Akaniambia watu wake, kila walikokwenda, walitafuta sauti mpya katika lugha za huko, na desturi haikatazi. Mern yenyewe haimo katika Talmud, ililetwa na Kiyidishi.

Jioni dada wa Bujumbura anayeshika zamu ya usiku alipoingia nilimsimulia. Hakukaa hata dakika. Alishika kunde moja kati ya vidole akasema, "Kunde. Dukundane." Kwa Kirundi, tupendane. Nimeyaandika yote mawili katika ukurasa wa simanim, na Bi Mkubwa ameweka alama ya wino pembeni.

Jumatano, 18 Septemba

Samaki. Kosher, yaani anayeruhusiwa kuliwa kwa sheria yao, ni mwenye mapezi na magamba, vyote viwili. Changu anaingia, kambare haingii, papa haingii, na pweza, ngisi, kamba na kaa hawataji kabisa. Muuza samaki anapomfungia minofu bila ngozi, Bi Mkubwa hainunui, maana gamba halionekani.

Nimeuliza la ndimu. Amenifundisha chumvi ya mawe: msugue samaki nje na ndani, mwache dakika 10, suuza kwa maji baridi, rudia. Nimenusa. Ametoka safi. Kisha kitunguu saumu kilichopondwa, kotimiri, zafarani na mafuta ya zeituni, na kichwa tunakiacha kwenye mwili mpaka siku yenyewe.

Jaribio la samaki wa gefilte limekwenda vizuri zaidi ya nilivyotazamia. Samaki weupe wa maziwa ya huku, wakasagwa na kitunguu, yai na unga wa mkate usiotiwa chachu, nikafinyanga kama kababu zetu za samaki, nikazitumbukiza kwenye mchuzi wa mifupa na vipande vya karoti kwa saa moja na nusu. Zikapoa ndani ya mchuzi wenyewe. Marehemu mzee alitaka sukari humo, na hilo si tamaa ya mtu mmoja: Wayahudi wa Galicia na Poland walitia sukari, wa Lithuania walitia pilipili manga, na mpaka wa ladha ulikuwa pia karibu na mpaka wa lafudhi ya Kiyidishi chao. Kilo 2 za samaki, sukari gramu 45.

Jumapili, 22 Septemba

Kidari kimenishinda leo. Naandika jinsi kilivyonishinda ili kisimshinde mwingine.

Nyama ya kosher haipikwi ikiwa na damu. Baada ya kuchinjwa hulowekwa maji nusu saa, hufunikwa chumvi saa nzima mahali pa kuchuruzika, kisha huoshwa mara tatu. Zamani Bi Mkubwa alifanya hayo nyumbani kwa ubao uliotobolewa, siku hizi bucha hufanya. Nililijua hilo. Hata hivyo nilipoweka kidari kwenye trei mkono wangu ulienda kwenye kibakuli cha chumvi kwa mazoea, kama ningefanya kwa nyama ya mchuzi wa nyumbani, kijiko kimoja kamili. Baada ya saa nne ya tanuri, nyama ilikuwa laini, inakatika kwa uma, na haikulika. Kilo 2 nzima. Bi Mkubwa alionja, akaweka uma chini, akasema tu, "Viazi." Tumekipika upya na viazi vingi bila chumvi, tukala siku mbili.

Kwa wino mwekundu nimeandika: USITIE CHUMVI KABLA YA KUONJA MCHUZI.

Mengine ni haya. Kidari ni sehemu ya kifua, nyama ngumu yenye nyuzi ndefu na tabaka la mafuta. Nje ya Israeli mabucha mengi ya kosher hayauzi nyama ya nyuma ya ng'ombe kabisa, kwa sababu ya mshipa wa paja ambao hauliwi tangu kisa cha Yakobo katika Mwanzo sura ya 32, na kuuondoa ni kazi ya fundi. Hivyo kifua kikawa nyama ya sikukuu. Vitunguu kilo moja chini, nyama juu, mafuta yake yakiangalia juu, karoti pembeni, maji kikombe kimoja, funika kwa karatasi ya foili pasipenye mvuke, nyuzi 160, saa nne. Kisha kipoe usiku kucha. Kikate kesho yake kikiwa baridi, kwa kukingama na nyuzi, ukirudishe ndani ya mchuzi. Ukikikata cha moto kinachanika vipandevipande.

Jumanne, 24 Septemba

Suala la lozi. Kwa Bi Mkubwa, kuskus ya sikukuu bila lozi zilizokaangwa juu yake haijavishwa nguo. Kwa jamaa za mumewe, njugu haziliwi siku hizi za sikukuu, kwa kuwa kila herufi ya Kiebrania ina thamani ya namba, na herufi za egoz, yaani kokwa, zikijumlishwa zinafika 17, na neno la dhambi, ukiacha ile herufi yake isiyotamkwa, nalo linafika 17. Shemejiye atakuwepo.

Binti yake alisema ziwekwe kwenye bakuli la pembeni, anayetaka ajinyunyizie. Bi Mkubwa alinyamaza muda mrefu. Akasema zitakaa jikoni, hazitatoka. Badala yake tutakaanga ufuta. Ufuta nao upo kwenye meza za kwao, mbegu ndogo zisizohesabika, na hakuna atakayeusukuma. Nimemheshimu kwa hilo.

Ijumaa, 27 Septemba

Mkate. Kila Ijumaa hapa husukwa challah ya Sabato, mikia mitatu au sita. Kwa mwaka mpya huwa duara, mwaka unapozunguka ukarudi. Unga kilo 2, hamira kavu gramu 20, mayai 5, asali gramu 200, mafuta vikombe viwili vidogo, na kutoka Meknès mbegu za bizari tamu na ufuta juu. Uumuke mara mbili.

Unga ukifika kiasi hiki, lazima donge dogo limegwe, lisomewe baraka, lichomwe. Hiyo ni kazi yake. Amemega donge la ukubwa wa zeituni, akafumba macho, na midomo ikaendelea kusogea baada ya baraka kwisha. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshika trei.

Mkate wa leo umetoka mzito katikati. Tanuri lilikuwa na moto mkubwa, ngozi ikaiva kabla ya moyo. Siku yenyewe nyuzi 175, si 200.

Jumapili, 29 Septemba

Soko la Jean-Talon, mimi na bintiye, na hewa tayari ina ubaridi. Msimu wa matofaa wa Quebec umefika kileleni na wakulima wanakukatia uonje. Nimechukua McIntosh kilo 3. Ni makali kidogo na yanachukua asali vizuri. Maboga mawili, liki mafungu manne, spinachi ya mashina meupe, tanipu, karoti kilo 5, makomamanga 6. Kunde mbichi hakuna, tunatumia kavu. Tende za Medjool kutoka duka la Wamoroko. Vya makopo na pakiti nimekagua kimoja kimoja alama ya kosher ya MK, ya baraza la jumuiya ya Wayahudi wa Montreal.

Kalenda ya mwaka huu ndiyo imeninyima raha. Rosh Hashanah ni siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, kisha Sabato inafuata papo hapo. Siku tatu mfululizo. Sikukuu inaruhusu kupika kwa ajili ya siku hiyohiyo, ila moto mpya hauwashwi: unachukua kutoka moto uliokuwepo. Sabato hairuhusu kupika kabisa. Na siku ya kwanza huwezi kupikia ya pili. Ili Ijumaa apike cha Sabato, Jumatano kabla ya jua kuzama ataweka kando yai lililochemshwa na mkate, akasoma tamko la eruv tavshilin, kana kwamba maandalizi ya Sabato yameshaanza tangu Jumatano. Chakula chenyewe cha Sabato ni dafina: dengu kubwa, viazi, nyama, mayai na maganda yake, vyote kwenye sufuria moja juu ya sahani ya moto tangu Ijumaa jioni hadi adhuhuri.

Vilevile nimejifunza asichopenda kuniagiza. Ndani ya siku hizo hatanituma niwashe kitu. Basi chochote kinachohitaji moto mpya kiwe kimewaka kabla.

Jumatatu, 30 Septemba

Gefilte tayari. Awamu ya kwanza ya kidari, kilo 4 kwa vipande viwili, imeingia saa nane mchana, imetoka saa mbili usiku kasorobo. Moto niliuteremsha hadi nyuzi 150 na muda ukaongezeka. Nimeonja mchuzi. Haukuhitaji chumvi hata chembe.

Keki ya asali imeokwa: asali gramu 340, mafuta badala ya siagi, chai ya rangi, tangawizi, karafuu. Inakaa siku mbili ndipo inapokuwa na ladha.

Jumanne, 1 Oktoba

Kuskus nimeipika kwa mvuke mara tatu kama alivyotaka, na kila mara tunaimwaga kwenye sinia pana, tunaivunja mabonge kwa vidole na maji ya chumvi kidogo na mafuta. Mkono wake mbaya uliweza hii. Tumekaa tumeelekeana, sinia katikati, vidole vyetu vinne vinne ndani ya chembe za moto. Alinisimulia ua wa nyumba yao Meknès, wanawake saba na sinia moja. Mboga saba zimeiva kwenye mchuzi chini: boga, karoti, tanipu, kabichi, mumunye, viazi vitamu, dengu.

Nimelala saa saba usiku.

Jumatano, 2 Oktoba

Naandika chumbani kwangu, wageni wamekwishaondoka.

Mikate ilitoka saa tisa, miwili, ya duara, imeiva mpaka moyoni. Samaki mzima aliingia tanurini baadaye. Yai na mkate wa eruv viliwekwa juu ya kabati. Kwenye sinki niliweka mshumaa mkubwa wa kioo unaowaka saa 48, ili kesho mishumaa ya usiku wa pili ichukue moto kwake. Bi Mkubwa aliwasha ya leo kabla ya saa kumi na mbili na robo. Alijifunika uso kwa viganja.

Nilikuwa nikibeba sahani za simanim moja moja. Alianza na tende. Alisoma dua yake ya yitamu, watu wakasema amina. Kisha hakuipokeza sahani. Akageuka kwangu mlangoni, akasema kwa Kifaransa kwamba mwaka huu tende ina neno jingine, na linatoka Mombasa, na mimi nilisome. Nilisema, "Tutende mema." Mjukuu mdogo wa kike akalirudia, "Tutende," akaipatia ile e ya mwisho barabara. Meza nzima ikalisema. Walipofika kwenye kunde wakamwita dada wa Bujumbura kutoka sebuleni.

Shemeji aliuliza ufuta juu ya kuskus ni wa nini. Bi Mkubwa akajibu, "Ni wa kwetu." Akajipakulia mara mbili.

Kidari kimebaki vipande vitatu. Samaki wa gefilte hakubaki hata mmoja. Mkate ulichovywa katika asali, si chumvi kama siku nyingine. Kichwa cha changu kiliwekwa mbele ya Bi Mkubwa. Alichota nyama ya shavu, ile tamu kuliko zote, akaiweka kwenye sahani ya mjukuu.

Alhamisi, 3 Oktoba, usiku

Usiku wa pili huhitajika tunda jipya, ambalo mtu hajalionja msimu huu, ili baraka ya kushukuru kufikishwa wakati huu isemwe bila shaka yoyote. Kwa kawaida huwa komamanga, lakini lilishaliwa jana. Jumatatu nilikuwa nimepita duka la Waasia nikanunua shokishoki bila kusema.

Nilizileta kwenye bakuli jeupe. Mjukuu aliogopa zile nywele. Nikamwonyesha: ukucha katikati, zungusha, fungua, na ndani tunda jeupe linang'aa. Bi Mkubwa alikuwa hajaila maishani mwake. Alisoma baraka, akaila taratibu, akatema kokwa kwenye kiganja, akaniuliza kwetu tunaziita nani. "Shokishoki." Alilitaja mara tatu, akitafuta ndani yake sauti ya neno la dua. Hajalipata bado.

Jumapili, 6 Oktoba

Leo ni funga ya Gedalia, gavana wa Yuda aliyeuawa zamani. Siku yake hasa ni ya tatu ya mwezi wa Tishri, jana, ila Sabato huisukuma mbele siku moja. Bi Mkubwa amekatazwa na daktari kufunga, hivyo amekunywa chai yake na mkate uliobaki.

Dafina ilikuwa nzuri, mayai yametoka rangi ya kahawia hadi kiini. Maji yalipungua: mwakani niongeze vikombe viwili na nizibe ukingo wa kifuniko kwa unga uliokandwa.

Mchana tumekaa na daftari. Kurasa 41. Nilimsomea moja moja naye anafuata kwa kidole. Kwenye boga alinisimamisha, akaomba kalamu. Akakata mdalasini gramu 4, akaandika 5 kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda. Nikamwambia mizani ilisema 4 mara zote tano. Akasema siku ile alikuwa akijizuia, kwa sababu mimi nilikuwa nikitazama.